Mkono au Manati? Kwa Nini Walenga Shabaha wa Bunduki za Upepo Hugawanywa kwa Vifaa Vyao

Siku moja ya likizo nilikuwa Bunda, nyumbani kwa kaka yangu. Baada ya chakula cha mchana wanawe wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 11, walipanga makopo kumi ya maziwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, wakahesabu hatua ishirini, wakaanza kushindana kwa manati. Kila mmoja alikuwa na mawe kumi. Mkubwa aliangusha makopo saba, mdogo manne. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka.

"Babu, huyu hakushinda kwa shabaha, ameshinda kwa manati yake!" alilalamika mdogo, machozi yakimlengalenga.

Hakuwa mwongo. Manati ya mkubwa ilikuwa na panda ya mpera iliyokauka vizuri, na mpira wa tyubu mpya ya baiskeli uliokatwa sawasawa pande zote mbili. Ya mdogo ilifungwa mpira wa tyubu ya gari iliyochakaa, mgumu upande mmoja na uliolegea upande wa pili, hata kila jiwe lililotoka lilipenda kwenda kushoto.

Baba yetu, ambaye katika ujana wake alipata mafunzo ya mgambo, hakusema mengi. Aliwaamuru wabadilishane manati, kisha kila mmoja atupe tena mawe kumi. Safari hii mkubwa, akiwa na manati mbovu, aliangusha makopo matano; mdogo, akiwa na ile nzuri, aliangusha sita. Mzee akachukua kijiti akaandika hesabu mavumbini.

"Tazameni, wajukuu zangu. Saba ukitoa tano, mbili. Sita ukitoa nne, mbili. Basi manati nzuri humpa mwenye nayo makopo mawili ya bure, awe nani. Sasa saba ukitoa sita, moja. Tano ukitoa nne, moja. Mkono wa kaka yako unauzidi wako kwa kopo moja. Kakushinda, lakini kakushinda kwa kopo moja, si kwa matatu."

Ndugu msomaji, nimetembea na hesabu hiyo tangu siku ile, kwa sababu ndiyo inayowahangaisha watunga kanuni wa mchezo mmoja ambao umeenea duniani na ambao wengi wetu huku Mara tunaujua kwa kuusikia tu: mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Wageni wa mchezo huo hushangaa kuona jinsi ulivyokatwakatwa katika makundi na madaraja. Kuna kundi la bunduki za springi na kundi la bunduki za mtungi. Kuna wanaoruhusiwa darubini na wasioruhusiwa. Kuna koti linalokubaliwa na koti linalokataliwa kwa unene wa chini ya milimita moja. Yote hayo ni juhudi ya kuyaondoa yale makopo mawili ya bure, ili libaki lile moja la mkono.

HEWA BADALA YA BARUTI

Bunduki ya upepo haina baruti. Kinachosukuma kidonge cha risasi ndani ya mtutu ni hewa iliyobanwa. Wala si uvumbuzi wa juzi: jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo zilizobuniwa na Girandoni tangu mwaka 1780, nazo ziliweza kufyatua mara ishirini hivi bila kujazwa upya risasi, wakati ambapo askari wa bunduki za baruti alilazimika kushindilia kila risasi peke yake.

Namna ya kuibana hewa hiyo ndiyo chanzo cha makundi. Bunduki ya springi hukunjwa mtutu, au huvutwa wenzo wake, springi ikajibana ndani. Ukibonyeza kifyatulio, springi hujinyoosha kwa ghafla na kuisukuma pistoni, nayo pistoni huibana hewa iliyo mbele yake. Mambo mengi hutokea hapo kabla kidonge hakijatoka mtutuni: bunduki hurudi nyuma, kisha pistoni inapofika mwisho hujitupa mbele. Kwa hiyo mlengaji anatakiwa aishike kwa ulaini, na kwa namna ileile kila mara. Anayeikaba kama mpini wa jembe hukosa. Bunduki ya springi ni mwalimu mkali, lakini ni rahisi kuitunza, haihitaji kitu kingine chochote, na ndiyo aliyonayo mtu wa kawaida.

Aina ya pili hujazwa kwa wenzo ambao mpigaji huuvuta mara moja kabla ya kila kidonge. Ya tatu hutumia hewa ya ukaa, ileile inayotia povu katika soda. Ya nne, iliyotawala mashindano makubwa siku hizi, hubeba mtungi wa hewa iliyoshindiliwa kabla ya mchezo, aghalabu kwa mgandamizo unaofikia baa 200. Tairi la gari dogo lina baa mbili na ushei. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Bunduki ya mtungi haitikisiki. Unabonyeza, kidonge kinakwenda, bunduki imetulia begani kama mtoto aliyelala. Lakini inataka mtungi, inataka pampu maalumu au mashine ya kujazia, inataka vipuri, na bei yake inaweza kuwa mara nyingi ya ile ya springi ya kawaida.

Wajerumani walijaribu kuiokoa springi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Feinwerkbau ilitengeneza bunduki ya shabaha ambayo mwili wake huteleza nyuma juu ya reli ndogo wakati wa kufyatua, hata bega la mpigaji lisihisi mtikiso. Ilikuwa kazi ya fundi hodari, na ilishinda mashindano mengi. Mwishowe hewa iliyojazwa kabla ikashinda.

MITA KUMI NA NUKTA MOJA

Mchezo mkubwa kuliko yote wa bunduki hizi ni ule wa mita 10, unaosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, lililoanzishwa mwaka 1907. Bunduki ya upepo iliingia katika Olimpiki huko Los Angeles mwaka 1984, kwa wanaume na kwa wanawake, na bastola ya upepo ikafuata huko Seoul mwaka 1988. Katika michezo ya Tokyo, iliyopangwa kuwa ya mwaka 2020 na ikafanyika mwaka 2021, yaliongezwa mashindano ambamo mwanamume na mwanamke hushirikiana kama timu moja.

Katika mchezo huu watunga kanuni walichagua kuwawekea wote dari moja. Kidonge kiwe cha milimita 4.5. Bunduki isizidi kilo 5.5. Darubini ni marufuku. Unalenga kwa tundu dogo la nyuma na pete ya mbele. Bastola isizidi kilo moja na nusu, kifyatulio chake kisiwe chepesi kuliko gramu 500, na ishikwe kwa mkono mmoja. Shabaha ya bunduki ina kitovu cha nusu milimita tu, yaani nukta ambayo mwalimu wa darasa la kwanza angeiweka kwa ncha ya kalamu. Mpigaji hupiga mara 60 katika muda wa saa moja na robo. Wanawake walipangiwa mara 40 hadi mwaka 2018 walipolinganishwa na wanaume, jambo ambalo lingefaa kufanywa mapema zaidi, maana nukta haijui anayeilenga ni nani.

Walakini dari haizuii watu kulisogelea. Kwa kuwa bunduki ya mtungi inaruhusiwa kwa wote, hakuna anayekwenda Olimpiki na ya springi. Na pale bunduki zilipolingana, watu waliligeukia koti. Koti gumu la turubai na ngozi, likifungwa vizuri, hushika mgongo wa mpigaji kama gamba la kobe. Ndipo ikaja kanuni kwamba kitambaa cha koti na suruali kisizidi unene wa milimita 2.5, na ugumu wake nao ukaanza kupimwa kwa mashine. Waamuzi hupima kabla ya mashindano, na huweza kumwita mpigaji apimwe tena baadaye. Koti likikutwa limezidi, alama zote zinapotea.

Mwaka 2008 huko Beijing, Mhindi Abhinav Bindra alishinda katika bunduki ya upepo ya mita 10, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Mhindi katika mchezo wa mtu mmoja mmoja. Risasi yake ya mwisho ilipata alama 10.8, wakati ambapo risasi moja haiwezi kupata zaidi ya 10.9. Mkono wa namna hiyo haununuliwi. Lakini ni kweli pia kwamba familia yake ilikuwa na uwezo wa kumjengea uwanja wa kulengea nyumbani kwao. Katika nchi ya watu wengi namna ile, ni vijana wangapi wenye mkono kama wake ambao hawakuwahi kuishika bunduki yenyewe? Swali hili silijibu, ila naliacha hapo mezani.

MAKOPO YA WAINGEREZA

Mchezo unaofanana zaidi na ule wa wanawe kaka yangu ulianzia Uingereza mwaka 1980. Huchezwa nje, porini na vichakani, kwa kulenga picha za wanyama zilizokatwa kwa bati la chuma. Kila picha ina tundu dogo; kidonge kikipita katika tundu na kugonga bamba lililo nyuma yake, mnyama huanguka. Kikigonga bati pembeni, hubaki amesimama, na huna alama. Umbali ni kuanzia mita 9 hivi hadi 50, na mchezaji haambiwi ni mita ngapi, bali hukadiria mwenyewe. Kwa sheria ya Uingereza, bunduki ya upepo isiyohitaji leseni ya silaha za moto isizidi nguvu ya jouli 16 na kitu, na kipimo hicho kikawa ndicho cha mashindano ya kimataifa ya mchezo huo.

Katika mashindano hayo kanuni haikutosheka na dari, ila ilijenga ukuta. Bunduki za mtungi zina kundi lao na za pistoni zina lao, kila moja na bingwa wake. Hakuna anayeona haya kuwa bingwa wa pistoni. Wengine husema ndiko kwenye kazi zaidi. Huko Marekani wameongeza kundi la wawindaji, ambao huruhusiwa kukaa kwenye kigoda na kuegemeza bunduki juu ya vijiti, ilhali darubini yao ina kikomo cha nguvu. Wapo pia walio huru kutumia karibu kila kitu. Yeyote aliyesimama ufukweni Mwigobero, mjini Musoma, atalielewa jambo hili bila kufundishwa: mtumbwi wa makasia haushindanishwi na mtumbwi wa injini, na hilo si dharau kwa mpiga kasia.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wageni wa mchezo huu huyachanganya. Kundi la vifaa hujibu swali: umeshika nini? Daraja la uwezo hujibu swali jingine: umefika wapi? Waingereza huwagawa wapigaji katika madaraja ya AA, A, B na C kufuatana na alama walizozoea kupata. Mfanyakazi anayeshika bunduki Jumamosi moja kwa mwezi huwekwa daraja la C, akashindana na wenzake wa C, na siku akiboreka hupandishwa apende asipende. Ni kama timu za mpira, ambazo hupanda na kushuka daraja bila mtu kuwauliza wachezaji wamevaa viatu gani.

Sitaki kuusifu ukuta kupita kiasi. Kundi la pistoni liliundwa kwa ajili ya bunduki ya mtu wa kawaida, lakini siku hizi zipo bunduki za springi za ghali mno, zimepigwa msasa na mafundi bingwa, zikavikwa darubini ambayo bei yake inaizidi ya bunduki yenyewe. Mwenye fedha ukimfungia mlango, atauliza dirisha liko wapi.

BEI IKIWA KANUNI

Kanuni iliyonivutia kuliko zote sikuikuta katika Olimpiki, bali katika mashindano ya vijana wa shule na vyama huko Marekani, wanaolenga kwa mikao mitatu: kulala kifudifudi, kusimama na kupiga goti. Huko kuna madaraja mawili. La kwanza ni la vifaa vya hali ya juu, na humo kila mtu huleta alichonacho ndani ya mipaka ya kawaida. La pili ni la bunduki rahisi. Bunduki hiyo isizidi kilo 3.4, kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 680 hivi, koti, suruali na viatu maalumu vya kulengea haviruhusiwi, basi mtoto huja na nguo zake za kawaida. Na juu ya hayo kuna kikomo cha bei. Baraza la mchezo hutaja aina za bunduki zinazokubaliwa, na bunduki inayouzwa zaidi ya kiwango kilichowekwa haiingii katika daraja hilo, hata ikiwa imetimiza kila kipimo kingine.

Wengine hupima uzito, nguvu na unene wa nguo, wakitumaini kwamba kwa kupima hivyo watakuwa wamepima fedha. Baraza hili liliitazama fedha yenyewe usoni. Ni ajabu kidogo kuyakuta hayo katika nchi ya mabepari, lakini lililo jema tulichukue popote lilipo. Shule yenye bunduki sita za aina hiyo inaweza kuwafundisha watoto sitini kwa zamu.

Lakini usawa si lazima uwe wa kufanana. Mchezo wa kulenga shabaha uliingia katika michezo ya Olimpiki ya walemavu mwaka 1976, huko Toronto. Wapigaji wa bunduki wenye ulemavu hugawanywa katika makundi mawili makubwa. Lipo la wale ambao mikono yao inaweza kuubeba uzito wa bunduki, na lipo la wale ambao haiwezi. Hawa wa pili hupewa nguzo yenye springi ya kuiegemeza bunduki, na hata springi hiyo ina masharti yake. Nguzo hiyo mikononi mwa mtu mzima wa viungo ingekuwa makopo mawili ya bure. Mikononi mwa huyu inamfikisha tu mahali ambapo wenzake wanaanzia, na kutoka hapo ni jicho lake, pumzi yake na kidole chake.

BAO LA BUTIAMA

Jioni ile ya Bunda tulizungumza na Baba hadi taa zikawashwa. Nilipomweleza habari za makundi haya alicheka, akasema kwamba bao halina taabu hizo. Wachezaji wawili wanakaa kwenye ubao mmoja wenye mashimo 32, wanagawana kete 64 sawasawa, na hakuna aliye na ubao mzuri kuliko mwenzake. Mwalimu Nyerere, ambaye alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa hapo mwaka 1999, alipenda kucheza bao na wazee. Mbele ya kete cheo hakisaidii.

Akakumbuka mafunzo ya mgambo, yaliyopanuliwa baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. "Bunduki zilikuwa za aina moja, na hazikuwa za mtu," alisema. "Leo unapiga na hii, kesho mwenzako anapiga nayo. Aliyekosa hakuwa na cha kusingizia." Vijana wanaopitia Jeshi la Kujenga Taifa katika kambi ya Rwamkoma, wilayani Butiama, nadhani wanaujua ukweli huo bila mimi kuwaambia.

Kutokana na maneno ya Mzee nilipata wazo ambalo nalitoa kwa yeyote atakayetaka kuuanzisha mchezo huu, iwe ni shule, kiwanda au chama cha wafanyakazi hapa Musoma. Bunduki ziwe mali ya wote, za aina moja, rahisi, za springi. Kila mshindani apige nusu ya vidonge vyake kwa bunduki moja na nusu kwa nyingine, kama walivyofanya wale watoto. Mita 10 zinaenea ndani ya ukumbi wowote wa mikutano, na ukutani nyuma ya shabaha hutosha kuwekwa bamba na kisanduku cha kunasia vidonge, ili upepo wa ziwa usiingilie na kidonge kisimrudie mtu.

Lakini wazazi wasidanganyike na neno upepo. Kidonge kinachotoka katika bunduki hizi kinaweza kulitoboa jicho, na wapo watu duniani waliouawa nacho. Si kitu cha kuchezea uani, wala si cha kuwindia ndege wa jirani. Vidonge vyenyewe ni madini ya risasi, yaliyo sumu, hivyo mtoto aliyevishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na kwa kuwa silaha nchini mwetu zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, mwenye nia aanzie kituo cha polisi kuuliza masharti kabla hajakwenda dukani.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilipita kwa fundi baiskeli karibu na stendi ya Bunda kujaza upepo, nikawakuta wale watoto wawili wamechuchumaa. Walikuwa wamechanga fedha wakanunua tyubu moja kuukuu ambayo haikuwa imetoboka sana. Mkubwa alikuwa ameshika wembe, mdogo ameshika rula ya shule. Walikata vipande vinne vya urefu mmoja, kisha wakavifunga msumarini kimoja kimoja na kuning'iniza jiwe lilelile, waone kipi kinavutika kuliko vingine.

"Baba mdogo," aliniita yule mdogo, "hiki cha tatu kimezidi. Tukipunguze?"